Studio ya maktaba au chumbani kwako: pa kujitolea kuwasomea vitabu wasioona

Mtu akitaka kujitolea kurekodi vitabu kwa ajili ya wasioona, karibu kila mara anaanza kwa kuuliza kama sauti yake inafaa. Ni swali la haki, lakini silo linaloamua. Yanayoamua ni mambo matatu: kitabu gani unaruhusiwa kukisoma, nani ataweza kukisikiliza, na utavumilia kiasi gani kusahihishwa. Nimeona watu wenye sauti nzuri wakiacha baada ya mwezi kwa sababu ya hilo la tatu, na wenye sauti za kawaida wakidumu miaka.

Njia kubwa ni mbili: studio ya maktaba ya wasioona, na kurekodi nyumbani kwa miradi ya wazi kama LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu na rekodi zao huwekwa bure kwenye intaneti. Pembeni yake ziko nyingine zinazosahaulika, kama kusoma magazeti redioni, kusoma vitabu vya masomo, na kazi zisizohitaji sauti kabisa. Sitazipa zote nafasi sawa, maana uzito wake si sawa.

Nani atasikiliza

Maktaba za aina hii hazihudumii wasioona peke yao. Chukua huduma ya taifa iliyo chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama NLS. Sheria iliyoianzisha ilipitishwa mwaka 1931 na ililenga watu wazima wasioona tu. Watoto waliingizwa mwaka 1952. Mwaka 1966 mlango ukafunguliwa kwa wenye ulemavu wa mwili, yaani mtu ambaye macho yake ni mazima ila mikono yake haiwezi kushika kitabu wala kufungua ukurasa. Mwaka 2019 hata jina la huduma lilibadilishwa ili liwaguse wote ambao maandishi ya kawaida hayawafai, wakiwemo wale ambao herufi zinawachanganya ingawa wanaziona vizuri.

Kwa hiyo ukisoma ndani ya studio ya maktaba, unajua rekodi yako inakwenda kwa nani. Msikilizaji amesajiliwa, imethibitishwa kwamba anastahili, na kitabu anakipata bure kwa kupakua au kwa posta. LibriVox ni kinyume chake. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire akiwa Montreal, na hauna fomu wala uthibitisho: yeyote mwenye intaneti anasikiliza. Wasioona wamo miongoni mwao, lakini wamo pia dereva wa safari ndefu, mtu anayepiga pasi na mwanafunzi anayejifunza lugha.

Kama unataka kila saa yako imfikie asiyeweza kusoma mwenyewe, studio inashinda bila ubishi. Kama unafurahi kuona sauti yako imetawanyika duniani bila kujua imetua wapi, LibriVox itakufaa zaidi. Wapo wanaofanya zote mbili, na hakuna anayewakataza.

Kitabu gani unaruhusiwa kukisoma

Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Mtu anaipenda riwaya iliyotoka mwaka juzi, anajifungia chumbani wiki kadhaa, anairekodi yote, kisha anaipeleka maktaba kama zawadi. Maktaba inaikataa. Si kwamba hawana shukrani. Ruhusa ya kurekodi haikuwa yake tangu mwanzo.

Sheria za hakimiliki katika nchi nyingi zinatoa nafuu maalumu kwa ajili ya wasioona, na nafuu hiyo hupewa taasisi zinazotambuliwa, si kila mwenye maikrofoni. Marekani iliiweka katika sheria yake mwaka 1996: taasisi inayowahudumia wasioona inaweza kutengeneza nakala ya sauti au ya nukta nundu ya kitabu kilichokwisha kuchapishwa bila kumwomba mwandishi wala mchapishaji, mradi nakala iishie mikononi mwa walengwa. Kimataifa upo Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Huo unazitaka nchi wanachama ziweke nafuu ya namna hiyo na ziruhusu nakala kuvuka mipaka, ili kitabu kilichokwisha kusomwa nchi moja kisisomwe upya nchi ya pili.

Ndani ya studio ya maktaba, basi, unaweza kusoma kitabu cha mwaka huu. Nyumbani, ukiwa na LibriVox, unasoma vilivyokwisha kutoka kwenye hakimiliki tu. Mradi huo unafuata sheria ya Marekani, ambako kitabu cha zamani kinakuwa huru miaka 95 baada ya kuchapishwa. Na rekodi yako nayo unaitoa moja kwa moja iwe mali ya umma: mtu anaweza kuikata, kuichanganya na muziki, hata kuiuza, nawe huna la kusema. Wazo hilo likikukera, usianze.

Usidhani, hata hivyo, kwamba studio itakuachia uchague. Katika mfumo wa NLS, vitabu vingi vinavyosambazwa nchi nzima husomwa na wasomaji wa kulipwa katika studio za kitaalamu. Wanaojitolea wako zaidi kwenye maktaba za majimbo, na wanachopewa ni vitabu vya huko huko: historia ya jimbo, waandishi wa eneo, majarida. Unaweza kufika na hamu ya riwaya ya upelelezi ukakabidhiwa historia ya reli yenye majina 200 ya stesheni. Kwa maoni yangu hapo ndipo thamani ya anayejitolea ilipo. Kitabu kinachouzwa sana kitapata msomaji hata wewe usipokuwepo. Historia ya reli ile ikikosa mtu safari hii, pengine haitasomwa kamwe. Lakini mtu anayetaka riwaya za mapenzi na si kingine chochote atachoka upesi, na ni heri ajue mapema.

Kuna njia nyingine isiyotajwa sana. Mkataba wa Marrakesh unakubali kwamba mlengwa mwenyewe, au mtu anayemsaidia kama vile mlezi wake, atengeneze nakala kwa matumizi binafsi ya mlengwa huyo, ikiwa kitabu wamekipata kihalali. Ikiwa bibi yako haoni tena na kitabu chake kiko kabatini, angalia sheria ya nchi yako imelipokeaje jambo hilo. Pengine huhitaji studio, usajili wala mtihani wa sauti. Simu na subira vinatosha.

Kioo kilicho katikati

Chumba cha kurekodia ni kidogo, kuta zake zimevikwa sponji, kiti chake hakilii, na mbele kuna dirisha la kioo. Upande wa pili wa kioo anakaa mfuatiliaji, hedifoni masikioni, na nakala ileile ya kitabu mbele yake. Msomaji anasoma, mfuatiliaji anafuata kwa jicho neno kwa neno. Kitabu kinasema “Hawakufika.” Msomaji anasema “Hawajafika.” Mwenyewe hajasikia kosa lolote, kwa sababu akili hukimbilia kile inachokitarajia. Mfuatiliaji anasimamisha, anarudisha hadi mwisho wa sentensi iliyotangulia, anamsikilizisha msomaji sekunde chache za sauti yake ili aushike mwendo ule ule, kisha msomaji anaingia palepale. Wanaendelea. Aya mbili mbele, tumbo la msomaji linanguruma, na maikrofoni hailifichi. Wanarudi tena.

Hapo bado. Baada ya siku kadhaa mtu wa tatu, mhakiki, anasikiliza rekodi nzima na kuandika orodha: ukurasa huu neno limerukwa, ukurasa ule jina limetamkwa tofauti na sura ya kwanza, hapa kuna mlio wa kalamu. Msomaji anaitwa kurekodi vipande hivyo, na anatakiwa avisome kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo siku ile, hata kama leo ana mafua. Kwa kweli wakiwa na mafua huambiwa wabaki nyumbani.

Wasomaji wazoefu wana mazoea yao. Hawavai bangili wala koti la nailoni. Saa ya mkononi inaachwa mlangoni. Wengi husoma kwenye tableti ili karatasi isikwaruze. Wapo wanaotafuna kipande cha tofaa la kijani kabla ya kuanza, kwa sababu ukali wake hupunguza vile vimlio vya mate ambavyo masikioni havisikiki lakini kwenye rekodi vinaudhi kupita kiasi.

Nyumbani hakuna mtu upande wa pili. Wewe ndiye msomaji, fundi na mfuatiliaji. Ukikosea unasimama, unarudi mwenyewe, au unapiga kofi moja ili kwenye mchoro wa sauti ubaki mkingamo wa kukuonyesha mahali pa kukata baadaye. Ukimaliza sura unaisikiliza yote, unasafisha, unaituma, na mhakiki wa kujitolea aliye nchi nyingine kabisa anakuandikia kwa upole: “Dakika ya 7 na sekunde 42, sentensi imerudiwa.” LibriVox hawadai ukamilifu. Sentensi iliyorudiwa au kurukwa itarekebishwa, lakini lafudhi yako haiguswi, na namna yako ya kuigiza wahusika hakuna atakayeikosoa mpaka uombe mwenyewe. Maktaba ni wakali zaidi, na wana sababu: msikilizaji wao hana ukurasa wa kutazama ili ajue kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa.

Mtu asiyependa kukatizwa kila dakika asiende studio. Nasema hivi bila dhihaka, kwa sababu kukatizwa ndiko kazi yenyewe. Na mtu anayehitaji mwenzake wa kumfanya aanze asijidanganye kwamba atarekodi nyumbani. Atanunua maikrofoni na itakaa sandukuni.

Vifaa na kelele

Studioni vifaa vyote vipo, hulipi kitu, hugusi waya. Nyumbani unahitaji maikrofoni ya kuchomeka kwenye kompyuta, hedifoni zinazofunika masikio, na programu ya kurekodi. Audacity ni ya bure na ndiyo wengi wa LibriVox wanaitumia. Mradi unataka faili za MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, sampuli za kilohezi 44.1, sauti ya njia moja, na ukubwa wa sauti unaozunguka desibeli 89 kwa kipimo chao. Maelezo hayo yanatisha kuyasoma, lakini ukishayapanga mara moja kwenye programu hutayafikiria tena.

Kinachosumbua ni kelele. Sikio la mtu limezoea kuipuuza mashine ya friji. Maikrofoni haijui kupuuza. Kabati lenye nguo nyingi hufanya studio nzuri kuliko sebule pana yenye kuta tupu, kwa sababu nguo humeza mwangwi. Mafundi wa sauti wana ujanja mmoja wa kale: ukizima friji ili urekodi, weka funguo zako humo ndani, hutaweza kutoka bila kukumbuka kuiwasha. Kama unaishi kando ya barabara kuu, au na watoto wadogo, au mahali ambapo jirani hupiga muziki mchana kutwa, hesabu ya nyumbani inaanza kuwa ngumu na studio inaanza kuvutia hata kama iko mbali.

Muda, na kinachotokea ukiacha njiani

Kwa Kiingereza, msomaji wa vitabu hupitia takriban maneno 9,000 katika saa moja ya sauti iliyokamilika. Kwa Kiswahili hesabu hushuka, maana maneno yetu ni marefu. Riwaya ya Kiingereza ya maneno 90,000 ni kama saa kumi za kusikiliza. Anayeanza ahesabu saa mbili mpaka nne za kazi kwa kila saa moja inayotoka. Studio nyingi hupanga zamu ya saa mbili hivi kwa wiki, siku na saa maalumu, na zinataka uahidi kwa miezi, si kwa wiki. Fanya hesabu mwenyewe uone kitabu kimoja kitakuchukua muda gani.

Ahadi hiyo si urasimu. Msomaji akiondoka katikati ya kitabu, sauti ya mtu mwingine haiwezi tu kuungwa pale alipoishia. Mara nyingi maktaba inalazimika kuanza upya, na saa zote za mfuatiliaji na mhakiki zimekwenda na maji. Kwa mtu ambaye maisha yake hayatabiriki, anayehamahama kikazi au anayeuguza mzazi, naona si haki kwake wala kwa maktaba kuchukua kitabu kizima.

LibriVox wana jibu zuri kwa watu wa namna hiyo: vitabu vya kushirikiana. Unachukua sura moja, mwingine anachukua inayofuata, na mratibu anaunganisha. Msikilizaji anavumilia kubadilika kwa sauti. Ukikaa na sura yako muda mrefu bila kuileta, mratibu anaitoa kwa mwingine, na hakuna aliyepoteza zaidi ya sura moja. Kwa anayeanza, hata mwenye muda tele, ningeshauri hivyo hivyo: mashairi mafupi au sura moja moja kabla ya kujitwisha kitabu peke yake.

Sasa ndiyo sauti

Maktaba hufanya majaribio ya sauti. Unasoma orodha ya maneno magumu, vipande vya hadithi, vipande vya habari, na wanasikiliza kama unatamka wazi, kama unaelewa unachosoma, na kama saa ya pili unasikika kama saa ya kwanza. Wengi hawapiti, na baadhi yao ni watangazaji au waigizaji. Kutopita si tusi. LibriVox wanaomba jaribio la dakika moja pia, lakini hilo ni la kupima mitambo. Sauti zote wanazipokea, na wanalisema hilo waziwazi.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba wasikilizaji wengi wasioona hawasikilizi kwa kasi uliyosomea. Vifaa vyao vina kitufe cha kasi, na aliyezoea huongeza mara moja na nusu, mara mbili, na zaidi. Sasa fikiria minong'ono yako ya kuigiza, mikogo, na pumzi ndefu za kuleta huzuni vikienda mara mbili. Vinakuwa kero. Matamshi safi na mwendo usiopanda na kushuka ovyo ndivyo vinavyobaki. Hiyo ndiyo sababu maktaba humchagua mwalimu mwenye sauti ya kawaida na kumwacha nyota wa jukwaani.

Kuhusu Kiswahili: LibriVox hupokea lugha yoyote, lakini kuna vikwazo viwili. Maandishi ya Kiswahili yaliyokwisha kutoka kwenye hakimiliki ni machache, na lazima apatikane mhakiki anayeijua lugha, la sivyo rekodi yako itakaa foleni. Ingia na rafiki. Mmoja asome, mwingine ahakiki, kisha mbadilishane. Kwa upande wa maktaba, uliza moja kwa moja kama wana wasikilizaji wa Kiswahili. Penye wasikilizaji wa lugha nyingi, msomaji wa lugha isiyo na wengi ni mali adimu.

Vitabu vya masomo ni ulimwengu mwingine

Mwaka 1948 Anne T. Macdonald aliwakusanya wanawake wenzake waliokuwa wakijitolea katika Maktaba ya Umma ya New York ili kuwasomea askari waliopoteza macho katika Vita vya Pili vya Dunia. Askari hao walikuwa wamepewa haki ya kusoma chuo kikuu kwa gharama ya serikali, na hawakuwa na vitabu vya kiada wanavyoweza kuvitumia. Kutoka hapo likazaliwa shirika ambalo leo linaitwa Learning Ally, na pamoja nalo aina ya msomaji ambaye hapimwi kwa sauti bali kwa anachokijua.

Jaribu kusoma kwa sauti “x jumlisha 3 gawanya kwa 2.” Kilichogawanywa ni jumla yote au ni ile 3 peke yake? Anayeona ukurasa anajua mara moja. Asiyeona anakosa jibu la mtihani. Msomaji wa hisabati lazima aseme “fungua mabano, x jumlisha 3, funga mabano, yote gawanya kwa 2,” na aseme hivyo hivyo kila mara mpaka ukurasa wa mwisho. Jedwali nalo linasomwa mstari kwa mstari huku ukitaja kichwa cha safu, au sivyo msikilizaji anapotea kwenye namba ya nne. Mchoro wa moyo wa binadamu unahitaji kuelezwa kwa mpangilio: umbo zima kwanza, kisha vyumba, kisha mishipa, bila kutia maoni yako.

Ukiwa na taaluma, iwe uhandisi, sheria, uuguzi au muziki, iweke mbele kabla ya yote niliyosema hapo juu. Wasomaji wa riwaya hawakosekani. Anayeweza kusoma kitabu cha kemia bila kubabaika ni wa kutafuta kwa tochi, na mwanafunzi anayemngoja ana tarehe ya mtihani.

Rekodi za namna hii, na nyingi za maktaba, hutengenezwa kwa mfumo wa DAISY, ambao shirika lake liliundwa mwaka 1996. Unamwezesha msikilizaji kuruka hadi sura, kichwa kidogo au hata ukurasa fulani. Mwalimu akisema fungueni ukurasa wa 112, asiyeona anaufungua pamoja na wenzake. Faili ya MP3 ya kawaida haimpi hilo. Itambidi apapase mbele na nyuma.

Redioni hakuna kurudia

Huduma ya kwanza ya redio ya kuwasomea wasioona ilianza Minnesota, Marekani, mwaka 1969. Wanaojitolea husoma gazeti la siku hiyo, mara nyingi moja kwa moja hewani, na msikilizaji aliazimwa redio maalumu iliyoshika wimbi lililofichwa ndani ya wimbi la kituo cha kawaida. Siku hizi nyingi zinapatikana pia kwenye intaneti. Husomwa habari, matangazo ya vifo, bei za maduka makubwa. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopendwa kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayemsomea.

Ukikosea unasema samahani na kusonga mbele. Mtu mwenye haraka, asiyependa marudio, anayefurahia kuamka mapema na kulifungua gazeti ambalo wino wake haujakauka, atafurahi hapa na kuteseka studioni. Ila kesho hakuna kitakachobaki cha kazi yako.

Bila kufungua mdomo

Maktaba nyingi hupata waombaji wengi wa kusoma na wachache wa kufuatilia. Kila saa ya msomaji studioni inahitaji saa ya mfuatiliaji, na juu yake saa ya mhakiki. Kwa hiyo maktaba yako ikikuambia nafasi za usomaji zimejaa, uliza kuhusu kiti cha upande wa pili wa kioo. Kinachotakiwa ni jicho kali, sikio tulivu na ujasiri wa kumkatiza mtu mzima katikati ya sentensi. Isitoshe ndiyo shule bora: ukishawasikiliza wengine wakikosea, utayajua makosa yako kabla ya kuingia ndani.

Wengine wataona wanafaa zaidi kwenye maandishi. Distributed Proofreaders, mradi ulioanza mwaka 2000, unakupa ukurasa mmoja uliopigwa skani na maandishi yaliyotambuliwa na kompyuta, nawe unayalinganisha na kusahihisha. Unaweza kufanya ukurasa mmoja ukaondoka. Maandishi hayo baadaye husomwa na wasomaji wa LibriVox, na pia na sauti za mashine kwenye simu za wasioona. Na kama huna hata dakika za kupanga, Be My Eyes, programu ya simu iliyoanzia Denmark na kuzinduliwa mwaka 2015, inakupigia simu ya video wakati mtu asiyeona anahitaji macho: asome tarehe ya mwisho kwenye boksi la dawa, ajue shati lipi ni la bluu. Usipopokea, simu inakwenda kwa mwingine.

Je, mashine haijatumaliza?

Swali hili huulizwa na kila anayejiunga sasa. Kwa barua, taarifa na makala, wasioona wengi tayari wanatumia sauti ya kompyuta, na kwa kasi ambayo sikio lisilozoea haliambulii neno. Kurekodi maandishi safi ya namna hiyo kwa sauti ya mtu naona ni kupoteza saa zako. Lakini mashine haielezi picha jinsi msomaji aliyekisoma kitabu anavyoieleza, inababaika kwenye majina ya watu na mahali, na haijui mzaha ulipo. Lugha zenye maandishi machache kwenye kompyuta zina sauti za mashine zilizo nyuma zaidi. Ushairi, tamthilia, hadithi za watoto, historia za mahali, vitabu vyenye michoro: huko ndiko ningepeleka pumzi yangu.

Kabla ya kujaza fomu

Ukiwa na maktaba ya wasioona karibu, siku moja isiyobadilika kila wiki, na moyo wa kukatizwa, nenda huko, na uombe kuanza kama mfuatiliaji. Ukiwa mbali, au ratiba yako ni ya kuungaunga, jisajili LibriVox na uchukue sura moja. Mwenye taaluma atafute wanaorekodi vitabu vya masomo kabla ya kugonga mlango mwingine wowote.

Kwa maktaba, uliza mambo haya kwa mdomo wako, maana fomu mara nyingi haiyasemi: nani huchagua kitabu, kitabu cha kwanza kinachukua miezi mingapi kwa kawaida, marekebisho ya mhakiki hurekodiwa zamu zile zile au siku za ziada, na rekodi ikikamilika inakaa maktaba hiyo tu au inapelekwa na kwingine. Uliza pia kama unaweza kuketi nusu saa nyuma ya kioo wakati watu wanafanya kazi. Wakikubali, nenda umekula, lakini si sana.